Barua zangu hazijibiwi: kampuni ndogo inaingiaje kwenye mradi mkubwa wa serikali?

*"Nina kampuni ndogo iliyosajiliwa. Tuna mafundi tisa wa kudumu na kazi yetu ni mitaro, kalavati ndogo na kuta za mawe. Mradi mkubwa wa barabara wa serikali umeanza eneo letu, mkandarasi mkuu ni kampuni kubwa kutoka nje. Nimepeleka barua mbili pamoja na wasifu wa kampuni, sijajibiwa. Wengine wananiambia sheria inawalazimisha kutupa wazawa sehemu ya kazi. Wengine wanasema bila kumjua mtu ndani nisijisumbue, na yupo mmoja anayetaka 'kitu kidogo' ili aniingize. Wiki iliyopita msimamizi wao wa saiti alinipa rasimu ya mkataba wa mitaro ya kilomita sita: mimi nitoe nguvu kazi na vifaa vidogo, wao watoe saruji, mchanga na kokoto. Kipengele kimoja kinasema nitalipwa wao wakishalipwa. Nikubali? Na kwa miradi ijayo nifanyeje ili nisiwe mtu wa kugonga milango tu?"*

Ndugu yangu, swali la mkataba ndilo lenye haraka, lakini nitaanza na lile la kuingia, maana ukilielewa hilo utaona kwa nini rasimu uliyopewa imeandikwa hivyo. Kuna jambo umelitaja na kulipita: barua zilizokwenda ofisini zilikaa kimya, ila msimamizi wa saiti alikutafuta mwenyewe. Barua yako ilisema mpo na mnaomba kazi, kama zilivyosema barua nyingine nyingi zilizolundikwa mezani pale. Msimamizi yeye ana mitaro ya kilomita sita kwenye mpango wake wa kazi, hana watu wa kutosha, na anajua mitaro ikichelewa tabaka za barabara zitaharibiwa na maji. Kampuni kubwa haigawi kazi kwa kuwa kuna kampuni ndogo jirani. Inagawa pale ambapo kipande fulani kinaisumbua na yupo mtu anayeweza kuiondolea usumbufu huo bila kuleta mwingine.

Sasa hili la sheria. Nchi nyingi zina masharti ya kuwapendelea wazawa katika manunuzi ya umma, lakini hayafanani na mara nyingi hayasemi kile ambacho watu wanadhani yanasema. Kenya, kwa mfano, imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hizo ni zabuni zinazotolewa na taasisi za umma zenyewe, si amri kwa mkandarasi mkuu akugawie kipande chake. Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi: kanuni za 2017 ziliruhusu taasisi ya umma kudai asilimia 30 ya mkataba mkubwa iende kwa wakandarasi wadogo wa makundi yaliyotajwa. Watu wakaisoma kama haki ya yeyote anayeishi karibu, makundi yakavamia saiti yakidai fungu lao na kazi zikasimama. Kanuni mpya zilizoanza kutumika Januari 2023 hazina tena kipengele hicho.

Kwa hiyo hata pale sharti lipo, linambana mkandarasi mkuu afikie kiwango fulani. Kampuni ya kukifikia nayo anaichagua mwenyewe. Soma nyaraka za zabuni za mradi wenyewe, au ziombe kwa taasisi inayomiliki mradi, uone ahadi gani mkandarasi alitoa kuhusu kampuni za ndani. Ukiijua ahadi hiyo, barua yako inabadilika: unamwonyesha njia ya kutimiza kitu alichokwisha saini, naye huwa anasoma barua ya namna hiyo hadi mwisho.

Kuhusu anayetaka "kitu kidogo", mwache aende. Najua ni rahisi kusema, na najua wapo waliotoa wakapata. Ila fikiria unachonunua. Mtu anayeuza mlango leo hana mamlaka ya kukulinda ankra yako ikikwama, na siku akihamishwa anayekuja ataanza upya. Kuna hatari nyingine ambayo kampuni ndogo nyingi hazijawahi kuisikia. Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na benki nyingine tatu kubwa za maendeleo zilikubaliana mwaka 2010 kutambuana katika adhabu zao, hivi kwamba kampuni iliyofungiwa na mojawapo kwa rushwa au udanganyifu inaweza kufungiwa na zote isipate kazi kwenye miradi ambayo zinaifadhili. Mkandarasi mdogo anaguswa vilevile. Kumjua mtu kwa maana ya halali, yaani msimamizi, mkadiriaji majenzi au mhandisi aliyekwisha kuiona kazi yako, ni jambo jingine kabisa, na hilo litafute kwa bidii.

Wengi wanakosea wakati. Wewe umepeleka barua mradi ukiwa umeshaanza, na kufikia hapo bei zimekwisha kufungwa. Tazama mpangilio ulivyo. Serikali inatangaza zabuni. Kampuni kubwa zinachukua nyaraka na kupewa wiki kadhaa za kuandaa bei, na katika wiki hizo wakadiriaji wao wanahangaika kujua mtaro wa mawe utawagharimu kiasi gani kwa mita mahali wasipopajua. Huo ndio wakati ambapo bei yako ina thamani. Ukimpelekea mkadiriaji bei iliyochambuliwa vizuri, anaweza kuitumia kwenye BOQ yake, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei, na akishinda jina lako limo kwenye faili. Na usimpe mmoja tu. Wape wote wanaoomba, maana hujui nani atashinda. Kwa kawaida majina ya waombaji husomwa hadharani siku ya kufungua zabuni, kwa hiyo hata ukichelewa hatua ya kwanza bado unaweza kujua wa kuzungumza nao kabla mshindi hajatangazwa.

Mkataba ukishasainiwa mambo yanageuka. Ofisi ya mkandarasi mkuu sasa ina bei aliyoahidi kwa mwajiri, yaani taasisi ya serikali inayomiliki mradi, na kazi yake ni kutafuta mtu wa kuifanya kwa bei iliyo chini ya hiyo. Usishangae unapoambiwa bei yako ni kubwa hata kama ni ya haki, kwani anailinganisha na namba iliyoandikwa miezi mingi nyuma, pengine na mtu ambaye hajawahi kufika pale. Ukijua hivyo hutakimbilia kushusha bei. Utamuuliza kipi kimo na kipi hakimo katika namba yake. Mara nyingi tofauti iko kwenye usafiri wa mawe au kutoa maji kwenye shimo, wala si kwenye ufundi wako.

Namna ya kujitambulisha nayo ina uzito. Wasifu wenye kurasa nyingi unaosema mnajenga majengo, barabara, madaraja, visima na kusambaza vifaa vya ofisini unamwambia msomaji kwamba hamna mnachokijua kwa undani. Ningekuwa wewe ningeandika ukurasa mmoja: tunajenga mitaro ya mawe na ya zege, kwa siku timu yetu moja inakamilisha mita kadhaa, hizi hapa picha za kazi tatu zikiwa na vipimo, tarehe na jina la msimamizi anayeweza kuulizwa. Nyuma yake weka usajili wa kampuni, usajili wa ukandarasi kama nchi yenu inautaka, uthibitisho wa kulipa kodi, bima ya wafanyakazi na maelezo mafupi ya usalama yanayohusu mitaro kweli: kina gani kinahitaji kuegemezwa kingo, nani anakagua asubuhi, vifaa kinga vipo vingapi. Karatasi hizi zina sababu. Mikataba mingi mikubwa hufuata masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, na humo mkandarasi mkuu anawajibika kwa makosa ya mkandarasi mdogo kama vile ameyafanya yeye, na anatakiwa kupata ridhaa ya mhandisi msimamizi kabla ya kukuingiza. Mtu anayekupendekeza anaweka jina lake kwa mhandisi. Mrahisishie.

Masharti hayohayo yana upenyo ambao wadogo wengi hawautumii: ridhaa hiyo haihitajiki kwa anayeuza vifaa tu. Anayeleta mawe, mchanga, mbao za fomu au nondo zilizokatwa huingia kwa njia fupi kuliko anayejenga. Wapo walioanza kwa kuuza mawe, wakaaminika kwa kufikisha mzigo siku waliyoahidi, na mwaka uliofuata wakapewa ukuta wa kujenga. Kama mafundi wako wanakaa bila kazi, njia hii haikusaidii sana. Kama una mtu mwenye lori, ifikirie.

Tuje kwenye fedha, maana nadhani huku ndiko kampuni ndogo nyingi hufia, na hufa zikiwa na kazi mkononi.

Katika masharti ya FIDIC ya 1999, ambayo bado yanatumika sana, mkandarasi mkuu huwasilisha hesabu yake mwisho wa mwezi. Mhandisi ana siku 28 za kutoa hati ya malipo, na mwajiri ana hadi siku 56, tangu mhandisi alipopokea hesabu, kulipa. Kisha mkandarasi mkuu anachukua siku zake kukulipa wewe, tuseme 14. Mtaro uliojenga tarehe mosi unasubiri mwezi uishe, siku 30, halafu 56, halafu 14. Ni siku 100, na hapo kila mtu ametimiza wajibu wake na hakuna aliyechelewa. Serikali kuchelewa ni jambo la kawaida, kwa hiyo hesabu ya kweli ni ndefu zaidi.

Tia namba. Tuseme kila mwezi unafanya kazi ya thamani ya 100, na inakugharimu 85. Kufikia siku ya 100 umeshatumia zaidi ya 280 na hujapokea kitu. Malipo ya kwanza yanapokuja, yanakatwa fedha ya zuio, yaani sehemu inayoshikiliwa kwa ajili ya kasoro za kazi, na kwa asilimia 10 unapokea 90. Ukitoa gharama ya mwezi ule, 85, umebaki na 5 tu mkononi. Faida yako iliyobaki, ile 10, imeshikwa. Mafundi wako wanalipwa kila wiki na hawana siku 100 za kukusubiri. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama bei ni nzuri, jiulize una fedha za kubeba mishahara ya miezi mitatu na nusu au huna. Usipokuwa nazo, bei nzuri haitakuokoa.

Zuio lenyewe lina mtego wake. Kwa kawaida nusu hurudishwa kazi inapokabidhiwa na nusu nyingine baada ya kipindi cha matazamio, yaani muda wa kurekebisha kasoro, ambacho mara nyingi ni mwaka mmoja. Lakini kazi ipi? Rasimu ikisema "mradi utakapokabidhiwa", mtaro uliojenga mwaka wa kwanza wa mradi wa miaka minne utashikiliwa hadi barabara nzima iishe, kisha mwaka juu yake. Omba iandikwe kwamba nusu ya kwanza italipwa sehemu yako itakapokaguliwa na kupokelewa. Wakikataa, omba zuio lipungue hadi asilimia 5, au ubadilishane nalo kwa dhamana ya benki, ingawa dhamana nayo ina gharama na benki nyingi zitadai uweke fedha taslimu.

Na kile kipengele cha "nitalipwa wao wakishalipwa"? Kinahamisha kwako hatari ya mteja usiyemjua na usiye na mkataba naye. Mwajiri akigombana na mkandarasi mkuu kuhusu daraja ambalo hukuligusa, malipo yanasimama na mtaro wako unasimama nayo. Nchi mbalimbali zimelishughulikia jambo hili kwa njia tofauti. Uingereza ilipiga marufuku masharti ya aina hiyo kwa sheria ya 1996, isipokuwa pale anayepaswa kumlipa mkandarasi mkuu amefilisika. Ufaransa, tangu 1975, inamruhusu mkandarasi mdogo wa kazi za umma kulipwa moja kwa moja na mwajiri, mradi tu ametangazwa na kukubaliwa rasmi. Marekani inamtaka mkandarasi mkuu wa kazi za serikali kuu aweke dhamana ya malipo, chini ya sheria ya 1935, na mkandarasi mdogo asiyelipwa anaidai dhamana hiyo mahakamani. Kuna nchi nyingi ambako kinga yako ni yale tu yaliyoandikwa kwenye mkataba wenu.

Hata sheria nzuri ina mwisho wake. Kampuni ya Carillion ya Uingereza ilifilisika Januari 2018 ikiwa na kazi nyingi za umma, na ilikuwa inajulikana kwa masharti ya kulipa hadi siku 120. Waliokuwa chini yake walibaki na ankra. Kwa hiyo ukubwa wa kampuni usikulevye. Waulize waliofanya nayo kazi kwenye mradi uliopita: walilipwa lini?

Angalia pia funzo la Ufaransa: kinga inampata aliyekubaliwa rasmi. Ukifanya kazi kwa maneno ya msimamizi bila jina lako kupelekwa kwa mhandisi, kwenye vitabu vya mradi hupo. Ukigombana nao huna pa kusimamia.

Basi rasimu yako. Wao kutoa saruji, mchanga na kokoto si jambo baya, kwa kweli linakufaa. Unakosa faida ya vifaa, lakini unabeba mishahara tu, nacho ni kiasi unachoweza kukihesabu. Ila soma inavyosema kuhusu upotevu. Mikataba mingi hukukata saruji iliyozidi kiwango walichopanga, bila kutaja kiwango chenyewe wala nani anahesabu mifuko stoo. Kiandikwe, na kila utoaji wa saruji uwe na karatasi yenye saini mbili.

Kusubiri ndiko kutakula faida yako kuliko kitu kingine chochote. Umeweka watu tisa saiti, kokoto hazijafika, au sveya hajaweka alama, au greda bado lipo mbele yako. Siku hiyo anailipa nani? Rasimu nyingi zinanyamaza. Omba bei ya siku ya kusubiri, hata kama ni ndogo kuliko gharama yako. Wakiona inawagharimu kitu, watakuletea kokoto.

Vipimo navyo. Mtaro ukishafukiwa msingi wake hauonekani, na kisichoonekana hakilipwi. Pimeni pamoja kila mnapomaliza kipande, kabla ya kufukia, na mtu wao asaini siku ileile. Weka daftari la saiti: hali ya hewa, watu waliokuwepo, mita zilizokamilika, kilichokwamisha. Piga picha zenye tarehe. Kwa zege, sampuli huvunjwa siku ya 7 na ya 28, na jibu la siku ya 28 ndilo linaloamua. Hiyo ina maana kwamba unaweza kuambiwa ubomoe kitu ulichomaliza wiki nne nyuma. Kwa kuwa vifaa ni vyao, iandikwe wazi kwamba kasoro inayotokana na vifaa au mchanganyiko waliouagiza wao haikuhusu.

Kisha kuna taarifa ya madai. FIDIC inampa mkandarasi mkuu siku 28 za kutoa taarifa tangu alipojua tukio, vinginevyo anapoteza haki ya kudai muda au fedha. Yeye naye atakupa wewe siku pungufu ya hizo, pengine 14 au 7. Malalamiko ya mdomo kwa msimamizi, hata awe rafiki kiasi gani, hayahesabiki. Tuma ujumbe wa maandishi siku hiyohiyo, mistari miwili inatosha.

Kuna mambo siwezi kukuamulia kwa mbali. Kabla ya kusaini, mpelekee rasimu wakili anayejua mikataba ya ujenzi, si yule wa mirathi na viwanja, akueleze kama kipengele cha malipo kinashika katika nchi yenu na mgogoro unaamuliwa wapi. Mikataba mingine ya kampuni za nje inapeleka usuluhishi nchi ya mbali ambako hata nauli hutaimudu. Mlipe mkadiriaji majenzi kwa siku moja au mbili achambue bei yako kwa mita. Kama kuna chama cha wakandarasi kwenu, nenda uulize kama wana mkataba wa mfano wa kandarasi ndogo. Na kama tayari umeshaanza kuchimba bila karatasi yoyote, mwone wakili huyo kabla ya kuendelea.

Nikujibu sasa kama ukubali. Si kama ilivyo. Rudi kwa msimamizi, naye kwa sababu ana shida ya kweli atakusikiliza, ukiwa na maombi matatu ya maandishi. La kwanza, malipo yawe na siku ya mwisho, tuseme 45 tangu ankra, wawe wamelipwa au hawajalipwa, na wakichelewa walipe riba kama ile wanayoidai wao kwa mwajiri. La pili, upewe malipo ya awali au ulipwe kila wiki mbili kwa miezi miwili ya kwanza, kwa sababu mkataba wao wenyewe huenda uliwapa malipo ya awali. La tatu, jina lako lipelekwe kwa mhandisi. Wakikubali mawili na fedha za kubeba mishahara unazo, saini. Wakikataa yote, usisusie. Waambie utachukua mita 500 za kwanza, zipimwe na kulipwa ndipo mzungumze kuhusu zinazobaki. Katika mita hizo 500 mtajua, wewe kama wanalipa na wao kama unajenga, na ukipata hasara itakuwa ya ukubwa unaoweza kuilipa kwa mfuko wako bila kuuza vifaa.